Mwendo wa Mdalasini

Ushongo, Pangani
2 Mei 2024

Mjomba wangu Uweso,

Shikamoo. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo imetukaba. Mama anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, lakini hataki kuhama Chumbageni kuja kukaa nami. Anasema Ushongo hakuna majirani wa kugombana nao. Dada Nasra amejifungua mtoto wa kike, wote salama, na wamempa jina la bibi.

Usishangae kuona karatasi. Kwenye simu kila nikikuuliza habari za farasi, wewe unaniuliza habari za mvua. Idarusi anakuja Maskati na karafuu zake, nimempa barua hii aitie mkononi mwako na asiondoke mpaka aone unaifungua.

Unajua mwaka wa pili sasa natunza farasi wanne wa Mzee Robert wa Mwera, yule ambaye baba yake alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya mkonge. Wageni wanapanda, wanatembezwa ufukweni, wanapigwa picha, basi. Kati yao yumo jike mmoja wa rangi ya kahawia, Mdalasini. Alikuja mbavu zinahesabika, sasa ukimtazama humjui. Mfanyabiashara mmoja wa Arusha, Kristofa, kamwona na anamtaka, na Mzee Robert kaanza kukubali. Nikamfuata nikamwambia asimuuze. Akacheka, kisha akanipa sharti. Tarehe 14 Desemba kutakuwa na mbio za masafa hapa kwetu, kilomita sitini, kutoka Ushongo kwenda Mwera na kurudi, mizunguko mitatu. Mdalasini akimaliza kabla ya saa saba mchana na daktari wa mifugo akampitisha, atabaki na mimi. Akishindwa, anapanda lori la Arusha wiki hiyo hiyo.

Nimekubali, mjomba, na sasa nimejitia kwenye jambo nisilolijua. Kumkimbiza farasi najua. Kumjenga mwili aweze kwenda kilomita sitini na kufika mzima, hilo sijui. Nimwendeshe mwendo gani? Hatua za kawaida, telki ile ya mwendo wa kati, au nimwachie shoti akimbie? Kila ninayemuuliza ana lake. Mama anasema wewe umeifanya kazi hiyo Omani miaka ishirini na mitano.

Na mbona siku hizi hupandi tena? Hilo mama halijibu, anainuka kwenda kutazama chungu.

Mpwa wako akupendaye,
Saleha


Barka
25 Mei 2024

Mpwa wangu Saleha,

Marahaba, na Mungu akukuze. Idarusi alisimama mlangoni kama askari wa kodi mpaka nikaifungua. Nimefurahi kwa Nasra na mtoto. Mama yako Hafsa mwambie goti alikande kwa mafuta ya nazi yenye moto, na agombane akiwa amekaa. Hapa joto limeshafika, linapenya mpaka ndani ya viatu, farasi tunawatoa alfajiri tu.

Umeniuliza maswali mawili. Nitajibu moja.

Farasi ana vitu vitatu vya kujengwa, na kila kimoja kina muda wake. Pumzi na moyo hujengeka kwa wiki chache. Misuli huchukua miezi. Kano na mifupa ndivyo vya mwisho kabisa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: farasi anakuwa na pumzi ya kukimbia siku nzima wakati miguu yake bado ya kutembeza wageni. Kwa hiyo unaanza na hatua. Wiki nne, hatua tupu, lakini hatua za kwenda mahali, si za kuzurura. Saa moja, kisha saa moja na nusu, kisha mbili. Utachoka wewe kabla yake, na watu watakucheka kwamba unafuga farasi wa harusi. Waache wacheke.

Baada ya hapo, telki. Huo ndio mwendo wa masafa, mwanangu, kazi yote iko hapo. Katika telki mguu wa mbele wa kulia unagusa chini pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, uzito unagawanyika sawasawa, hakuna mguu unaoonewa. Wewe mpandaji unainuka na kukaa kufuata jozi moja. Kila baada ya dakika kumi badilisha, ufuate jozi ya pili, usimchoshe upande mmoja. Telki yenyewe iwe ya kuweza kuzungumza juu yake. Ukiona unakatika maneno, umezidisha.

Shoti ni chumvi. Dakika mbili tatu, kuanzia wiki ya kumi na mbili, kwa ajili ya moyo. Katika shoti kuna mguu mmoja unaobeba mzigo wa wenzake, na farasi mwenye pumzi nzuri hatakwambia kwamba mguu huo umechoka.

Ratiba: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi telki ufukweni, saa kumi na mbili asubuhi juu ya alama, kabla ya jua. Siku nyingine hatua. Ijumaa mpumzishe. Kila mkimaliza mpe dakika kumi, weka kiganja nyuma ya kiwiko chake cha kushoto, uhesabu mapigo nusu dakika. Thelathini na mbili au pungufu, yuko sawa. Yakizidi, kesho yake mpe hatua tu, hata ratiba ikisema nini.

Fuata ratiba. Usiongeze lako.

Mjomba wako,
Uweso


Ushongo
2 Septemba 2024

Mjomba wangu Uweso,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Idarusi aliugua malaria akakaa Tanga mwezi mzima. Idi tulisherehekea vizuri na mama alinishonea gauni ambalo siwezi kupandia farasi, nadhani makusudi. Mtoto wa Nasra ameanza kucheka. Goti la mama limepata nafuu, na ugomvi na Bi Zuhura wa nyumba ya pili umerudi pale pale.

Ratiba naifuata kama ulivyoandika. Wiki nne za hatua tulizimaliza, na watu walicheka kweli. Asheri, anayelisha farasi pamoja nami, aliniuliza kama tunaenda Makka kwa miguu. Kuanzia Julai tukaingia telki. Naanza juu ya alama saa kumi na mbili, sijakosa hata siku moja. Mapigo nayahesabu kwa misbaha ya zamani ya mama, ina punje thelathini na tatu. Nusu dakika ikiisha na punje imebaki mkononi, Mdalasini kapita. Mama alipojua alinikalisha kitako akasema misbaha si ya kuhesabia moyo wa mnyama. Nikamwambia na huyo kaumbwa na Mungu yule yule. Akanipa nyingine, ya plastiki.

Kwa moyo na pumzi amekuwa mwingine kabisa. Tukimaliza telki ya saa nzima mapigo ishirini na nane, siku nyingine ishirini na saba. Anakula, manyoya yanang'aa, hasira anazo. Mzee Robert alikuja wiki iliyopita akamzunguka mara mbili bila kusema neno, na kwake yeye hiyo ni sifa. Siku hizi jioni namwingiza baharini, maji yanamfika magotini, tunatembea taratibu. Anapenda sana.

Shoti bado sijaanza. Nitaanza ukiniambia.

Hukunijibu lile swali la pili.

Mpwa wako,
Saleha


Barka
19 Septemba 2024

Saleha,

Marahaba. Salamu za nyumbani nimezipokea, nami sijambo. Namshukuru Mungu kwa goti la Hafsa na kwa Idarusi kupona.

Nimesoma barua yako mara nne. Umenieleza moyo, pumzi, manyoya, chakula na hasira. Umenieleza mpaka gauni. Miguu hukuitaja hata kwa neno moja. Halafu unaniambia kila jioni unamsimamisha baharini, maji magotini. Nimekaa na farasi tangu hujazaliwa. Mtu hampeleki farasi kwenye maji baridi kila jioni kwa sababu anapenda.

Ni mguu upi? Una moto? Umevimba wapi, na kiasi gani? Anachechemea? Na telki umekuwa ukimfanyisha juu ya mchanga gani? Nieleze ardhi yenyewe, hatua kwa hatua, kama vile mimi ni kipofu.

Mpaka utakaponijibu, telki simamisha. Idarusi anaondoka kesho, nimemwambia barua hii asiilaze.

Uweso


Ushongo
30 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, Nasra mzima, mtoto mzima. Nisikuzungushe.

Ni mguu wa mbele wa kushoto. Kano ya nyuma, chini ya goti, imevimba upana wa kidole gumba na ina moto. Niliuona tarehe 24 Agosti. Hachechemei. Nilipokuandikia ile barua nilikuwa nimeshaujua siku tisa, nikajiambia utapoa kabla hujaisoma.

Nimemwita Daktari Loveness kutoka Tanga, yule atakayesimamia mbio. Amempima vizuri, akasema kano haijachanika, imechoshwa. Kaagiza apumzike wiki mbili, kisha aanze upya kwa hatua. Akaniuliza swali lile lile lako, kwamba nimekuwa nikimwendesha juu ya nini.

Juu ya mchanga mkavu, mjomba. Ule wa juu, unaozama. Ulisema saa kumi na mbili asubuhi juu ya alama. Siku za maji mafu hakuna tabu, mchanga mgumu unaonekana. Lakini wiki ya bamvu, maji yanapojaa sana, saa kumi na mbili bado yako juu, yamefunika mchanga wote mgumu mpaka karibu na minazi. Hushuka vizuri kwenye saa tatu, saa nne. Kwa hiyo kila wiki ya bamvu nilimpeleka telki kwenye mchanga laini, mara tatu kwa wiki, saa nzima, na kila hatua alikuwa anachimba.

Nilijua. Nimezaliwa hapa, hata mtoto anajua maji yanajaa saa ngapi. Kila Jumatatu ya bamvu nilisimama na hatamu mkononi nikitazama maji, nikajiambia mjomba kaandika saa kumi na mbili, mjomba anajua kuliko mimi. Niliona haya kukwambia kwamba umesahau.

Jana nilimweleza mama kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akasema, "Wamwonea haya mjomba'ako, na mguu wa mnyama je?"

Sina la kujitetea. Zimebaki wiki kumi na moja na sitaki kumpoteza. Niambie kama bado inawezekana, na kama haiwezekani niambie pia.

Saleha


Barka
12 Oktoba 2024

Mwanangu Saleha,

Marahaba. Idarusi alinikuta nje ya banda, nikaisoma nimesimama.

Nimesahau maji. Mimi, niliyekulia Ushongo, niliyefundishwa kuogelea na baba yako kwa kusukumwa. Niliandika saa kumi na mbili kwa sababu hapa njia ya kufanyia mazoezi imepigwa greda, ipo saa zote, haiendi popote. Miaka imepita mingi kuliko nilivyokuwa nahesabu. Kosa la mguu ule ni langu kabla ya kuwa lako. Lakini wewe umekosa kunyamaza, na hilo ninakukaripia: siku nyingine ukiona barua yangu na bahari vinapingana, ifuate bahari.

Sasa swali lako la pili. Mwaka 2015 nilikuwa napanda farasi mmoja wa kijivu katika mbio za kilomita mia na ishirini. Kule wenye farasi hufuata pembeni kwa magari. Tulikuwa kwenye telki nzuri, wa nne, zimebaki kilomita kumi. Mwenye farasi akaanza kunipigia honi nikimbie. Nikampa shoti. Mguu ukavunjika ghafla na akamalizwa pale pale. Mwenye farasi hakunilaumu, akanibakisha kazini. Nalisha, nasafisha, nafundisha wengine. Kupanda sipandi. Nimekujibu, tusilirudie.

Inawezekana. Mapumziko ya daktari yakiisha, hatua wiki tatu. Kisha telki juu ya mchanga mgumu wenye unyevu au ile barabara ya udongo mwekundu ya kwenda Mwera, mara mbili kwa wiki, ukianza na robo saa. Saa utapanga wewe kwa kufuata maji. Shoti tumeifuta, asiijue kabisa, hata siku ya mbio watu wakimpita. Pumzi anayo tayari, hiyo haiibiwi kwa wiki chache. Kila asubuhi, kabla hujanywa chai, shika miguu yote minne kwa viganja viwili. Hutauliza mtu. Hata mmoja ukiwa na moto, siku hiyo hatoki.

Na usinifiche tena.

Mjomba wako,
Uweso


Ushongo
18 Desemba 2024

Mjomba wangu Uweso,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Alikuja Ushongo kwa ajili ya mbio, goti na yote, akaketi kwenye kiti cha plastiki tangu alfajiri akiwaeleza wageni kwamba farasi yule ni wake.

Nilifanya kama ulivyoandika. Mguu ulipoa kabisa katikati ya Oktoba na haukurudi. Nilipanga ratiba kwa maji, siku nyingine tulitoka saa nne jua kali, siku nyingine saa kumi na moja jioni. Shoti hakuigusa.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, farasi kumi na wanane. Wengi waliondoka kwa shoti na vumbi lao. Sisi telki. Mzunguko wa kwanza mapigo ishirini na tisa, wa pili thelathini, Daktari Loveness akatupitisha bila kusita. Farasi sita walikuwa wameshatolewa, wanne kati yao kwa sababu ya miguu. Mzunguko wa tatu tukafika Mwera na kugeuka, na nilipotazama saa nilijua tutamaliza na dakika kumi na tano za kubaki. Nilianza kufikiria nitamwambia nini Mzee Robert.

Zilipobaki kilomita tano, kwenye ile miteremko ya mkonge, nikasikia kitu. Sikukiona, nilikisikia kwenye tandiko. Jozi moja ilikuwa inagusa chini nyepesi kuliko nyingine. Mara moja, kisha ikapotea. Kisha tena. Nikabadilisha jozi, bado ipo. Mdalasini mwenyewe masikio mbele, anavuta, anataka kwenda. Mtu mwingine asingejua.

Nilikuwa na dakika arobaini na tano. Kwa telki ni nusu saa, tungefika. Kwa hatua hatungefika. Nilihesabu mara mbili nikitumaini jibu litabadilika.

Nikashuka. Nikalegeza tandiko, nikashika hatamu, tukaenda kwa miguu, mimi na yeye. Wawili walitupita. Mmoja aliuliza kama nimeanguka. Nililia njia nzima, mjomba, wala sioni haya kukwambia, na kila nilipopunguza mwendo yeye alinisukuma mgongoni kwa pua.

Tulifika saa saba na dakika kumi na moja. Meza ya muda walikuwa wameshaifunga. Daktari Loveness alimpima hivyo hivyo ingawa hatukuwa tena mashindanoni. Alipapasa ule mguu muda mrefu, akasema kano nzima, imeanza tu kulalamika. Akaniambia ningekuja kwa telki kilomita zile tano ningemletea mguu uliochanika.

Mzee Robert alisimama kando ananisubiri. Kofia ameivua. Akasema, "Neno ni neno, Saleha." Nikamwambia najua. Sikumwomba.

Jana lori lilikuja. Mdalasini huwa hapendi lori, lakini nilimtangulia kupanda na akanifuata. Nimempa Kristofa ratiba yetu yote nimeiandika kwa mkono, pamoja na mahali pa kushika kila asubuhi. Banda lake bado sijalifagia.

Leo Mzee Robert kaja na dume la miaka minne, halijawahi hata kutembezwa kwa kamba. Akasema nimfundishe kuanzia mwanzo, na safari hii hakuna sharti. Nimesema sawa. Jumatatu tunaanza hatua, wiki nane badala ya nne. Naipanga mimi.

Nimempoteza, lakini kaondoka na miguu minne mizima.

Mpwa wako,
Saleha


Barka
5 Januari 2025

Mwanangu Saleha,

Marahaba. Sina salamu ndefu leo. Mwambie Hafsa nimemsikia, ndiyo, farasi yule alikuwa wake.

Nimesoma pale uliposhuka. Nikafunga barua, nikaenda kulisha, nikarudi nikasoma tena pale pale.

Nilikuandikia kwamba mguu wa yule wa kijivu ulivunjika ghafla. Si kweli. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwenye farasi, na daktari, na dada yangu, mpaka nikaanza kuamini. Nilimsikia, Saleha. Kilomita mbili nzima kabla ya honi nilikuwa namsikia, jozi moja nyepesi, kama ulivyoandika wewe. Nilijua mguu upi. Nikabadilisha jozi ili nisimsikie. Honi ilipolia nilishukuru kupata mtu wa kumsingizia.

Umri wangu ulikuwa arobaini na tisa na nilikuwa na kazi ya kupoteza. Wewe una ishirini na minne na ulikuwa na Mdalasini. Wewe ulishuka. Mimi sikushuka.

Nimeomba likizo, wamenipa. Nafika mwezi wa Shaaban, kabla ya mfungo. Nisitafutiwe farasi wa kupanda. Huyo dume mpya atakuwa bado kwenye wiki zake za hatua. Niwekee zamu ya asubuhi, nimtembeze kwa miguu yangu, saa utakayonipangia wewe.

Mjomba wako,
Uweso